Sanduku la risasi la marehemu baba mkwe

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Minnesota, Marekani:

"Shikamoo fundi. Nimeolewa na Mmarekani. Baba mkwe alifariki mwaka huu, na tulipokuwa tunasafisha banda lake la gari tukakuta bastola yake, Smith & Wesson Model 10, pamoja na sanduku la chuma lenye risasi alizokuwa akijaza mwenyewe zamani. Kuna visanduku vitatu vya plastiki, kila kimoja risasi 50, vyenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono '38 Spl 148 WC 2.7 BE 3/81'. Kuna boksi la zamani la kiwanda cha Remington ambalo ndani yake zimechanganyika za kila aina. Kuna mkanda wa ngozi wenye risasi 18 zilizoota ukijani, na chupa ya kioo yenye risasi kama 70 zimemwagwa tu. Mume wangu anasema baruti haiozi. Jumamosi ijayo yeye na kaka yake wanataka kwenda uwanja wa shabaha wazipige zote kwa kumkumbuka mzee. Mimi naogopa. Tutajuaje kama ni salama? Na kulala nazo ndani ya nyumba si hatari?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na Jumamosi kwa kuwa haiko mbali. Shemeji na kaka yake waende uwanjani na bastola ya baba yao, lakini katika risasi hizo wasipige hata moja. Wapitie dukani wanunue boksi jipya la .38 Special. Na wewe lala usingizi wako, sanduku hilo si bomu. Hayo mawili yakishakaa sawa tunaweza kuongea bila haraka, maana swali lako lina mengi ndani yake, na shemeji naye ana nusu ya ukweli.

Tuelewane maneno kwanza. Kiswahili chetu kimelibebesha neno risasi mizigo mitatu: ni ile metali nzito laini ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu zizame, ni kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na ni kitu kizima kinachotiwa kwenye bunduki. Hapa nikisema risasi namaanisha kitu kizima. Kinachoruka nitakiita kichwa. Kikombe cha shaba kinachoshika vyote ni ganda. Kidude cha duara kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, kile kinachogongwa moto ukawaka, ni fataki. Na ndani, jicho lisipofika, kuna baruti. Karibu kila nitakalokuambia linatokana na hiyo baruti usiyoiona.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mambo haya: Marekani mtu anaruhusiwa kukusanya maganda yaliyokwisha kupigwa, akayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, akatia fataki mpya, akapima baruti, akakandamiza kichwa kingine. Wapiga shabaha wengi wa rika la baba mkwe walizimaliza jioni za baridi kwa kazi hiyo, na sababu kubwa ilikuwa pesa. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000 (greni ni kipimo kidogo sana cha uzito), na risasi ya shabaha ya .38 hula chini ya greni 3. Kopo moja la ratili linatoa risasi zaidi ya 2,000. Vichwa wengi walivimimina wenyewe kwa kuyeyusha vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari.

Sasa tuisome karatasi ya mzee. "38 Spl" ni .38 Special, kaliba (yaani saizi ya risasi) ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo polisi wa Marekani waliibeba kiunoni kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. "148 WC" ni kichwa cha greni 148 chenye uso bapa, kinachozama ndani ya ganda mpaka kikalingana na mdomo wake au karibu na hapo. Kikipita kwenye karatasi ya shabaha huacha tundu safi la duara kama lililokatwa kwa kitoboleo. "2.7 BE" ni greni 2.7 za Bullseye, baruti kongwe inayowaka upesi sana. "3/81" naona ni Machi 1981, ingawa wapo wanaoandika namba ya fungu kwanza, yaani fungu la tatu la mwaka huo. Mchanganyiko huu wote kwa wapiga shabaha wa .38 ni kama chai na chapati, kila mtu ameupitia. Ni kipimo cha upole, na Model 10 ingekimeza maisha yake yote bila kulalamika. Aliyeandika karatasi ile alikuwa mtu wa utaratibu. Nimefungua masanduku mengi ya marehemu, na mengi hayana hata herufi moja.

Mbona basi nakataa?

Kwa sababu karatasi inaeleza alichokusudia kufanya. Ganda la thelathini na saba lilijazwa vipi usiku ule, karatasi haijui. Kuna makosa ya fungu zima na kuna makosa ya risasi moja, na watu wengi wanaotafuta kupima usalama wa risasi za zamani hawayatenganishi haya mawili. Kosa la fungu zima ni kama kushika kopo la baruti isiyo yenyewe, au mizani kuharibika ikasoma pungufu. Risasi zote 50 zinatoka na ugonjwa mmoja, na ukipasua chache utaugundua. Kosa la risasi moja ni lile la mtu aliyekuwa akijaza vizuri tangu magharibi, mara simu ikalia au mkewe akamwita mezani, akarudi asikumbuke ganda lile alishalitia baruti au bado. Akatia tena. Au akaliruka kabisa. Ukipasua risasi tano ukakuta zote zina greni 2.7 sawasawa, umejifunza habari za hizo tano. Zilizobaki arobaini na tano hazijasema kitu.

Na Bullseye ndiyo baruti inayosamehe kosa hilo kuliko zote wakati wa kujaza, halafu haisamehi kabisa wakati wa kupiga. Greni 2.7 ni chini ya gramu 0.2. Ukizimimina ndani ya ganda la .38 hazifiki hata robo ya kina chake. Mzee akitia mara mbili, ganda bado lina nafasi tele na kichwa kinakaa vizuri kama kawaida. Hata mara tatu inaweza kuingia. Baruti nyingine za polepole, zile za kaliba zenye nguvu kubwa ziitwazo Magnum, zinajaza ganda kiasi kwamba ukikosea tu zinamwagika mezani, kosa linajitangaza lenyewe. Bullseye hainyanyui mdomo.

Huko kwenye bastola hesabu yake ni mbaya. Kikomo cha shinikizo kwa .38 Special, kwa mujibu wa SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha vya Marekani inayoweka vipimo hivi, ni paundi 17,000 kwa kila inchi ya mraba. Baruti ya haraka ikirudufishwa, shinikizo hupanda zaidi ya mara mbili. Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka kama hii Model 10, ikishindwa huwa na namna yake ya kufa ambayo ukiiona mara moja huisahau: silinda inafunguka upande wa juu, tundu lililopigwa pamoja na majirani zake wawili, na ule upapi wa chuma unaopita juu ya silinda unapinda kuelekea mbinguni au unakatika. Vipande vinaruka pembeni na juu. Aliyesimama kando ya mpigaji, akiwa na simu anarekodi kumbukumbu ya marehemu, yuko mahali pabaya kuliko mpigaji mwenyewe.

Miaka mingi wajazaji wamebishana kama kipimo kidogo mno cha Bullseye kinaweza kulipuka kwa ajabu ndani ya ganda kubwa, bila kosa la mtu. Mimi kwa umri wangu mezani naona hadithi nyingi za namna hiyo ni baruti mara mbili iliyokosa mtu wa kuikiri.

Upande wa pili ni ganda lililorukwa. Fataki peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu na kukwama humo. Mpigaji anasikia "pfut" badala ya mlio, na kama anapiga haraka haraka kidole kinavuta tena kabla akili haijauliza. Kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza njiani, mtutu unavimba au kupasuka. Hili limenipata, na risasi nilikuwa nimeijaza mwenyewe, meza yangu, taa yangu, na nikiamini nimeliangalia kila ganda. Bahati yangu kichwa kilikwama nusu kwenye silinda, nusu kwenye mtutu, silinda ikagoma kuzunguka. Kingesogea kidole kimoja mbele, nisingekuwa na cha kunizuia. Tangu siku hiyo nikisikia watu wanasema "fulani alikuwa makini sana" najua wanasema kweli na najua haitoshi.

Shemeji atasema: basi tuzipime kwenye mizani. Wengi huliona hilo kama jibu, kwa hiyo nilifafanue. Risasi nzima ya aina hii ina uzito wa gramu 14 hivi. Tunatafuta tofauti ya gramu 0.17. Maganda ya viwanda mbalimbali hutofautiana uzito zaidi ya hapo, na vichwa vya kumimina nyumbani navyo havilingani, kimoja kina kipovu cha hewa, kingine kimejaa. Risasi yenye baruti mara mbili kwenye ganda jepesi itasomeka sawa na risasi isiyo na kosa kwenye ganda zito. Mizani inaweza kukuonyesha risasi ya kuitilia shaka, lakini kukuhakikishia iliyo salama haiwezi. Kwa Magnum zenye greni kumi na kitu za baruti habari ni tofauti kidogo, pengo la baruti nzima linaonekana. Kutikisa karibu na sikio nako kunakuambia tu kwamba kuna kitu ndani.

Nikusaidie sasa kuzitenga, hata kama mwisho wa zote ni mmoja, kwa sababu haziko sawa kwa ubaya na mtu wa kuzipokea atataka kujua ni ipi ni ipi.

Zile za mkanda wa ngozi ni kesi nyepesi. Ngozi husindikwa kwa vitu vyenye asidi, inanyonya unyevu wa hewa, na shaba ikikaa humo miaka inaota kutu ya kijani. Ukijani mwembamba wa juu juu unafutika kwa kitambaa, lakini pale chini yake ukikuta vishimo, au rangi ya waridi kama shaba nyekundu, zinki iliyochanganywa kwenye shaba imeshaliwa na ganda limebaki kama mfupa mkavu. Kulisugua ling'ae hakurudishi chuma kilichokwisha liwa. Na asithubutu mtu kuzisugua kwa dawa ya kung'arishia vyombo yenye amonia. Jeshi la Waingereza kule India karne ya 19 lilikuwa na risasi ambazo maganda yake yalipata nyufa yenyewe kila msimu wa mvua. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mikojo ya farasi ndiyo iliyokuwa ikiichana shaba. Kisa hicho nakipenda, lakini turudi Minnesota.

Chupa ya kioo hata sitaiongelea sana. Risasi zilizomwagwa chupani ni zile zilizobaki, zilizookotwa chini, zilizogoma kuwaka mara ya kwanza, alizopewa na jirani. Ziangalieni vitako: mkiona fataki yenye alama ya kugongwa juu ya risasi ambayo bado ina kichwa, iliwahi kujaribiwa ikakataa. Hizo zitengeni peke yake.

Boksi la Remington ndilo linalonitisha kuliko yote, kuliko hata zile za kijani, kwa sababu linafanana na kitu cha dukani. Wajazaji wote tunatumia maboksi ya zamani ya viwanda. Ni imara na yana vishimo vya kupangia. Kwa hiyo jina lililo juu ya boksi halishuhudii chochote. Geuzeni risasi zitazame chini muone maandishi ya kitako. Boksi la kiwandani lina maandishi ya aina moja kwa zote 50, fataki za rangi moja, vichwa pacha. Mkikuta R-P (Remington) hapa, W-W (Winchester) pale, FEDERAL ingine, vichwa vya kijivu vyenye mfereji wa nta, mikwaruzo ya wima kwenye ganda, hizo zimepita kwenye meza ya mtu. Pitisheni na kidole juu ya kila fataki. Inatakiwa iwe sawa na kitako au imezama kidogo. Iliyochomoza inaweza kuizuia silinda isizunguke, na ni dalili ya mkono ulioharakisha.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wa kaliba hii hawalijui. Ganda la .38 Special halikuambii nguvu iliyomo. Mwaka 1930 Smith & Wesson walitoa rivolva yenye mwili mkubwa, .38/44 Heavy Duty, iliyopigwa kwa .38 Special zenye nguvu kupita kawaida, na miaka michache baadaye, 1935, ndipo ikaja .357 Magnum, yenye ganda refu kidogo, karibu milimita 3.5, kusudi isiingie kwenye bastola dhaifu. Kikomo chake ni paundi 35,000, zaidi ya mara mbili ya .38. Lakini wajazaji wa zamani hawakuacha tabia ile. Mtu mwenye rivolva nzito ya .357 alijaza maganda ya .38, yaliyokuwa rahisi kupatikana, kwa vipimo vya nguvu alivyojua bastola yake itavibeba. Machoni ni .38 Special, inaingia kwenye Model 10 bila kipingamizi, inaingia hata kwenye vile vibastola vidogo vya risasi tano. Muulize mama mkwe na shemeji wa pili: mzee aliwahi kumiliki rivolva nyingine? Ruger kubwa ya kuwindia, pengine, iliyouzwa zamani? Kama jibu ni ndiyo, boksi lile lisilo na maandishi lina uwezekano wa kuwa lilikusudiwa bunduki ambayo haipo tena nyumbani.

Sasa nusu ya ukweli wa shemeji. Baruti ya kisasa iliyotunzwa pakavu na pa baridi huishi miongo mingi, hilo ni kweli, na risasi za kiwandani za miaka ya 1940 na 1950 bado zinapigwa hadi leo. Miaka arobaini na kitu peke yake isingenitia hofu. Lakini baruti huoza. Msingi wake ni nitroselulosi, ambayo hujivunja yenyewe polepole ikitoa gesi za asidi. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzinasa gesi hizo, na dawa ikiisha uozo unakwenda mbio. Baridi ya Minnesota haina neno. Joto ndilo adui, banda la gari lenye paa la bati mwezi wa saba, ambao kule ni kiangazi, au sanduku lililokaa karibu na tanuri la kupashia nyumba. Baruti nzima ukiinusa inanukia kama pombe kali au dawa ya kusafishia rangi. Iliyooza inachoma pua kwa ukali wa asidi, inatoa vumbi la kahawia jekundu, na ukiifungua risasi unakuta ukijani upande wa ndani wa ganda. Mkikuta kopo la baruti lenye dalili hizo, mlitoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo, lisikae juani, na mpigie kikosi cha zimamoto kwa namba ya kawaida mwaulize walipokee vipi. Kopo zima lililooza linaweza kujiwasha lenyewe. Hilo ni jambo zito kuliko risasi zote ulizonitajia.

Kuna na ugonjwa mwingine wa risasi za kujaza nyumbani ambao hauna uhusiano na kuoza. Ile nta ya kwenye mifereji ya vichwa vya kumimina huyeyuka kukiwa na joto, inateremka ndani, inalowesha baruti au fataki. Vivyo hivyo mafuta ya kunyunyizia: mtu anaipulizia bastola iliyojazwa, anaiweka droo, mafuta yanapenya pembeni mwa fataki. Matokeo ni risasi inayogoma, au inayosema "pfut", na habari ya "pfut" nimeshakupa. Au inayochelewa: imegongwa, kimya, halafu sekunde chache baadaye inalia. Ndiyo maana uwanjani risasi ikigoma mtu hafungui silinda hapo hapo. Anaendelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha, anahesabu nusu dakika au zaidi, ndipo anafungua. Shemeji bila shaka analijua hilo, ila mkumbushe kaka yake.

Kuhusu kulala nazo. Risasi ikiwa nje ya bunduki haina kitu cha kuibana. Nyumba ikiungua, zitapasuka kwa vishindo, ganda ambalo ni jepesi ndilo huruka zaidi, na kichwa hakiendi kwa nguvu ya risasi iliyopigwa. Vikosi vya zimamoto vya Marekani vinaingia kwenye nyumba zenye risasi kila siku vikiwa na mavazi yao ya kawaida. Kinachohitajika kwako ni sanduku lifungwe kwa kufuli, likae pakavu, mbali na watoto, mbali na tanuri, na bastola iwe mahali pengine penye kufuli lake.

Hapo kwenye kufuli kuna jambo la kisheria ambalo naona nisikufiche. Hukusema una karatasi za aina gani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki bunduki au risasi, ukiacha wachache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye Green Card katazo hilo halimgusi. Kama karatasi zako bado ziko njiani, ufunguo wa sanduku ubaki kwa mumeo peke yake, na muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kabla wewe hujashika chochote uwanjani. Na siku mkisafiri kwenda kusalimia nyumbani, kagueni mifuko ya makoti na mabegi ya mzee kama mmeyachukua. Kenya au Tanzania, risasi moja isiyo na kibali ni kesi ya jinai, na ofisa wa uwanja wa ndege hatajali kwamba ilikuwa ya marehemu.

Mwisho wa sanduku lenyewe uwe hivi. Zile za chupani, za mkanda na za boksi la Remington, shemeji apige simu kituo cha polisi au cha sherifu kwa namba isiyo ya dharura, aseme ana risasi za zamani za kujaza nyumbani na anataka kuzisalimisha. Sehemu nyingi wanazipokea, wengine watawaelekeza kwenye siku ya kukusanya taka hatari ya kaunti. Viwanja vingi vya shabaha navyo vina ndoo ya risasi mbovu. Zisitupwe kwenye pipa la taka, zisizikwe bustanini, zisichomwe, zisitoswe ziwani.

Visanduku vitatu vya mzee, vile vyenye maandishi, nisingevisalimisha. Klabu ya shabaha iliyo karibu nanyi haitakosa mjazaji mzoefu. Mwombeni azifungue. Kuna chombo kama nyundo ya plastiki. Risasi inawekwa kichwani mwake, ikigongwa juu ya gogo mara mbili tatu kichwa na baruti vinatoka vyenyewe. Miwani ya kinga, hakuna sigara, hakuna koleo. Risasi 150 ni kazi ya jioni mbili, na mjazaji atafurahi kulipwa kwa vichwa vyenyewe. Baruti hiyo asiitumie tena hata kama inanukia vizuri. Kidogo hivyo, isiyofika gramu 30 kwa risasi zote, hutawanywa nyembamba kwenye nyasi, nitrojeni yake ni mbolea. Fataki asijaribu kuziua kwa mafuta au maji, maana zikikauka baadhi hufufuka. Ana njia zake, kama kuzipiga uwanjani zikiwa kwenye maganda matupu. Baada ya hapo maganda yanaweza kurudi kwenu yakiwa mepesi, hayana madhara, yakiwa kwenye visanduku vyake na mwandiko wa mzee juu. Atakapokuwa anazifungua shemeji akae pembeni amhesabie. Mimi ningependa kujua kama katika zile 150 kulikuwa na moja yenye baruti mara mbili.

Jumamosi wanunue risasi za kiwandani za greni 148 zenye uso bapa, ndizo alizozipenda baba yao, na matundu yake mtayaona kwenye karatasi zake za shabaha kama alizitunza. Kabla ya kupiga, fundi wa bunduki aitazame Model 10 ile: silinda ikifungwa isicheze, mtutu usiwe na kivimbe wala pete nyeusi ndani, kwa sababu bastola iliyowahi kumeza "pfut" hubaki na alama. Itachukua dakika kumi.

Na tafadhali rudini bandani mtafute daftari. Mtu anayeandika "2.7 BE 3/81" ana daftari mahali fulani, aghalabu limechomekwa nyuma ya mashine au chini ya makopo. Mkilipata, nitumie picha ya kurasa za mwaka 1981.